Chomeka Simu ya Ukweli, Wacha Kulilia Laptopu

Wasee, inboksi yangu wiki hii imejaa swali moja: "Niko na laptopu ya mtumba ya RAM 4GB, naweza kutengeneza programu ya simu kweli?" Jibu langu litaudhi wengine. Laptopu si shida yako kubwa. Shida ni kwamba unapima kazi yako kwa simu ya bandia, na simu ya ukweli iko kwa mfuko wako.

Mimi nilijua hivyo kwa aibu. Niliacha kampasi mwaka wa pili, karo ilinishinda, nikarudi Nakuru. Shangazi yangu huuza viazi vya Molo pale soko la Wakulima, na madeni ya wateja alikuwa anaandika kwa daftari. Siku moja mvua ikalilowesha, pesa za watu zikageuka wino. Nikamwambia, "Shangazi, nipe mwezi mmoja." Nikamtengenezea programu: unapiga picha ya mzigo, unaandika nani anadaiwa ngapi, basi.

Kwa emuleta, ile simu ya bandia inayokaa ndani ya kompyuta, kila kitu kilikuwa fiti. Laptopu ilikuwa inanguruma kama lori likipanda Mau Summit, lakini programu ilifanya kazi. Nikaiweka kwa simu yake ya bei ya chini. Picha ya tatu tu, ikajifunga.

"We kijana, hii kitu yako imekufa tena," akaniambia mbele ya wateja. Nikasingizia mtandao. Kwa wiki mbili nilikuwa nabahatisha tu, nabadilisha huku, naharibu kule.

Jioni moja nikamwomba simu nikaichomeka kwa laptopu. Kimya. Ilikuwa inachaji tu. Nikajua kumbe waya wa USB wa kawaida una nyaya nne ndani: mbili za moto, mbili za data. Hizi za bei rahisi za barabarani nyingi zina zile za moto pekee. Nikaazima waya mwingine.

Halafu mipangilio. Tangu Android 4.2 ya mwaka 2012, Google imeficha sehemu ya wasanidi. Unaingia Kuhusu Simu, unagusa nambari ya muundo mara saba, inafunguka. Unawasha utatuzi wa USB. Simu inakuuliza kama unaiamini hii kompyuta. Ukikosa kukubali, ukiandika "adb devices" utaona simu iko kwa orodha lakini haijaidhinishwa, na utalaumu kila kitu isipokuwa kidole chako.

Nikakubali, nikafungua kumbukumbu za simu, nikapiga picha tatu. Jibu lilitokea hapo hapo kwa maandishi mekundu: nafasi imeisha. Kamera yake ni megapikseli 8. Picha moja ikifunguliwa yote, kila pikseli inakula baiti 4, yaani karibu 32MB. Tatu ni karibu 96MB, na simu ndogo haipei programu moja nafasi ya kuchezea. Kwa emuleta nilikuwa natumia vijipicha vidogo vya majaribio. Nilijidanganya mwenyewe, wiki mbili. Kupunguza ukubwa wa picha kulinichukua dakika kumi.

Sasa maoni yangu ndiyo haya. Mwaka 2011 Wakenya wengi walishika Android yao ya kwanza kupitia Huawei IDEOS, kama shilingi 8,000 hivi. Mpaka leo, simu ya bei hiyo ndiyo mtu wa soko anayo. Ukitengeneza kitu kinachofanya kazi kwa laptopu yako peke yake, umejitengenezea wewe. Shangazi hana emuleta.

Najua kuna wenye watasema laptopu nzuri inasaidia. Ndio, inasaidia, na nikipata pesa nitanunua. Lakini emuleta ndiyo hula RAM sana. Ukichomeka simu, hata kale kamashine kako ka zamani kanapumua. Na kama tundu la simu limelegea, kuanzia Android 11 unaweza kuunganisha kwa Wi-Fi.

Onyo moja, na hili sicheki. Ule mlango unaokuonyesha makosa unaweza pia kumwonyesha mtu mwingine mambo yako. Usikubali kompyuta ya saiba "kila wakati". Ukimaliza, zima utatuzi, haswa kama ni simu ya mtu mwenye pesa zake ziko ndani. Simu ya shangazi niliizima kabla sijamrudishia.

Siku hizi daftari lake liko juu ya kabati, limekauka. Bado hunikumbusha: "Hiyo mtandao yako ilipona?"

Leo jioni usitafute bei ya laptopu. Tafuta waya wa data, azima simu mbaya kuliko zote kwenu, uichomeke. Halafu uniambie ilikuonyesha nini.