Bangi nayo ipimwe kwa mizani ya afya

Masereka, kwenye milima inayolisha Butembo viazi, mkulima akikutwa na bangi sheria inamfunga. Jirani yake anayeuza pombe kali anahesabiwa mfanyabiashara wa kawaida.

Hatari hazipimwi kwa mizani moja. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema pombe iliua watu milioni 2,6 mwaka 2019. Bangi nayo ina madhara, hasa kwa akili za vijana. Lakini ina faida pia: mwaka 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa itokayo kwenye mmea huo, kwa wagonjwa wa aina mbili za kifafa kikali. Desemba 2020, tume ya Umoja wa Mataifa iliiondoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya zinazobanwa zaidi, kwa kura 27 dhidi ya 25. Jirani yetu Rwanda iliruhusu ilimwe kwa ajili ya tiba.

Hospitali hutumia morfini, ambayo ndiyo hutengenezewa heroini, na hakuna anayeshangaa. Basi Congo isiiachie bangi barabarani. Iiweke mikononi mwa daktari, ili mgonjwa atibiwe bila kuogopa pingu.