Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia: Hesabu Ianzie kwenye Gridi Yetu

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia Kenya, Nairobi.

Iwe ni Uyombo kule Kilifi, ambako wenyeji waliandamana mwaka 2024 kupinga kinu, au Siaya ambako macho ya serikali yamegeukia, ninakuomba usitoe leseni ya eneo la kinu cha nyuklia kabla ya kudai uchambuzi kamili wa milolongo ya ajali mbaya, unaoanzia kwenye gridi yetu wenyewe na kuwekwa hadharani. Uchambuzi atakaokuja nao muuzaji wa kinu hautoshi, hata uwe mnene kiasi gani.

Mwaka 1975 jopo la Profesa Norman Rasmussen wa MIT lilitoa ripoti iitwayo WASH-1400. Wahandisi wa wakati huo waliogopa zaidi bomba kubwa kupasuka ghafla. Jopo hilo likafuata hitilafu hatua kwa hatua: vali hii ikigoma, pampu ile ikikataa kuwaka, mhudumu naye akikosea, tutafika wapi? Likaona kwamba uvujaji mdogo wa maji ya kupoza, ukichanganyika na makosa ya binadamu, ni hatari kuliko lile bomba kubwa. Ripoti ilikosolewa, tena kwa haki, kwa kujigamba na tarakimu zake, na Januari 1979 tume ya udhibiti wa nyuklia ya Marekani ikajitenga na muhtasari wake. Haikupita miezi mitatu. Tarehe 28 Machi, katika kituo cha Three Mile Island, vali ilikwama wazi, wahudumu wakapunguza maji ya dharura wakidhani mfumo umejaa, na sehemu kubwa ya kiini ikayeyuka. Tarakimu zilistahili kutiliwa shaka, lakini njia ya ajali ilikuwa imeshachorwa. Kwangu mimi, faida ya kazi hii ni njia hizo, si ile namba ya mwisho ambayo wanasiasa hupenda kuinukuu.

Njia inayotuhusu zaidi ni ya umeme kupotea. Kinu kikizimwa hakipoi papo hapo. Fueli huendelea kutoa joto, mwanzoni kama asilimia 6 ya nguvu yake yote, na joto hilo lazima liondolewe. Kule Fukushima, tarehe 11 Machi 2011, tetemeko lilikata umeme wa nje na jenereta za dizeli zikawaka kama ilivyopangwa. Haikutimia saa moja, tsunami ikazifurikia. Maji ya kupoza yalipopungua, zirkoni inayofunika fueli iliungana na mvuke, haidrojeni ikazalika, majengo yakalipuka. Viini vitatu viliyeyuka. Lakini jenereta moja ya kinu namba 6, iliyopozwa kwa hewa na kuwekwa mahali pa juu zaidi, haikuzimika, nayo ikakinusuru kinu hicho pamoja na kinu namba 5. Tofauti ya hatima ilitokana na mashine moja na mahali ilipowekwa.

Sasa tujitazame. Usiku wa 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani, na katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jenereta ya akiba ikagoma. Umeme wa nje umepotea, wa akiba umekataa: hizo ni hatua mbili za kwanza za mlolongo uleule. Mchambuzi wa Korea au Ufaransa huingiza katika hesabu idadi ya mara ambazo gridi yake huanguka. Hawezi kutuazima uthabiti wa nyaya zake. Tena, mahitaji yetu ya juu kabisa ni megawati 2,000 na kitu. Kinu cha megawati 1,000 kikizimika ghafla, chenyewe kinaweza kuiangusha gridi ambayo dakika hiyohiyo kinaihitaji ili kijipoze.

Nitaambiwa kwamba vinu vya kisasa havitegemei jenereta. Kweli, kinu cha aina ya AP1000 kimesanifiwa kukaa saa 72 bila umeme wa nje wala mkono wa mhudumu. Hilo ni jambo kubwa, silipuuzi. Ila saa 72 zikiisha maji lazima yaongezwe, na swali linahamia kwenye barabara, mafuta na pampu za kaunti husika katika wiki ya mafuriko. Wengine watasema kuyaanika haya ni kuwatia watu hofu. Waandamanaji wa Uyombo hawakusubiri ripoti yoyote ndipo waingiwe na hofu. Hoja ya usalama dhidi ya wahujumu ina uzito: ramani za nyaya na milango zifichwe. Lakini makisio kuhusu gridi, kina cha maji ya Ziwa Victoria, ambayo mwaka 2020 yalivunja rekodi, au mawimbi ya bahari hayamfai mhujumu kitu.

Kwa hiyo, rasimu ya uchambuzi huo itolewe kabla ya leseni ya eneo, kwa Kiswahili pia, na ikaguliwe na wataalamu wasiolipwa na muuzaji. Ukurasa wa kwanza nitakaoufungua ni ule unaoonyesha rekodi za kukatika kwa umeme zilizotumika ni za nchi gani na za miaka ipi.

Wako mwaminifu,
Mlipakodi