Taka zitengwe kabla ya kufika Buhongwa





Mimi ni mkazi wa Mabatini. Nyumba yangu iko mlimani, juu ya mawe, mahali ambapo gari haliwezi kufika. Taka zetu hubebwa kichwani hadi barabarani. Asiye na nguvu ya kubeba, au asiye na pesa ya ada, husubiri mvua. Mvua ikinyesha usiku, viroba humwagwa korongoni, maji huvipeleka Mto Mirongo, na Mirongo huvipeleka Ziwa Victoria, ziwa lile lile tunalokunywa maji yake. Simsingizii mtu, maana hata mimi nimewahi kufanya hivyo. Wanaolipa kosa letu ni ndugu zetu wa bondeni, kwani mto ukiziba maji huingia vyumbani mwao. Tusisahau pia kipindupindu cha mwaka 2015, kilichoanzia Dar es Salaam na kufika hadi huku.

Serikali haikukaa kimya. Dampo la kisasa limejengwa Buhongwa, kwenye barabara ya kwenda Shinyanga, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Naipongeza kwa jambo hilo. Lakini dampo, hata likiwa la kisasa, hujaa. Swali langu ni hili: tunalijaza kwa kitu gani?

Tazama kizimba cha soko lolote utapata jibu: maganda ya ndizi na viazi, mabaki ya mboga, magamba ya samaki. Sehemu kubwa ya taka za miji yetu ni vitu vinavyooza. Ni vizito kwa sababu vimejaa maji, kwa hiyo tunateketeza dizeli kusafirisha maji. Vikifukiwa na kuoza bila hewa hutoa gesi ya methani na majimaji machafu ambayo nayo yanahitaji kusafishwa. Vikitengwa mapema huwa mboji, na mkulima anaihitaji. Manispaa ya Kinondoni, ikishirikiana na mji wa Hamburg wa Ujerumani, imejenga kiwanda cha mboji huko Mabwepande. Sioni kwa nini Mwanza tushindwe.

Wapo wasemao kuwa wananchi hawatakubali kutenga taka. Hilo si kweli. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni, 2019, tulirudi kwenye vikapu. Vijana waokota chupa wanatenga taka kila siku, bila glovu wala mshahara. Akina mama huweka kando maganda kwa ajili ya mbuzi. Kinachokatisha tamaa ni mtu kutenga nyumbani kwake, kisha gari moja likaja kuchanganya vyote mbele ya macho yake. Kwa hiyo magari yatangulie, mahubiri yafuate.

Nashauri mambo matatu. Kwanza, tuanze na masoko, maana huko taka zinazooza ziko nyingi mahali pamoja. Pili, chini ya kila mlima viwekwe vizimba viwili, kimoja cha vinavyooza na kingine cha vikavu, na vikundi vya vijana vilipwe kwa kila mzigo wanaoushusha, ili mzee asiye na nguvu asilazimike kungoja mvua. Tatu, Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela, iliyoanzishwa mwaka 2012, ziwe na mpango mmoja. Kwa sensa ya mwaka 2022 wakazi wa halmashauri hizi mbili wamezidi milioni 1, na ziwa letu ni moja. Kila halmashauri ikijenga kiwanda chake peke yake, huenda vyote viwili vikakosa taka za kutosha na fedha za kuviendesha.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa halmashauri wajibu juu ya taka ngumu. Basi zitekeleze. Nasi wananchi tuache kuifanya mvua kuwa gari la taka, maana tunachokitupa korongoni usiku ndicho tunachokichota ziwani asubuhi.

Mkazi wa Mlimani,
Mabatini, Mwanza.