Nzi akizama, fundi ndiye anayefungwa

Mashabiki wenzangu, leo tuweke mpira kando kidogo. Lakini tusiuweke mbali sana: chukua kinga yako ya ugoko, igeuze, ubonyeze ile sponji ya ndani. Mara nyingi hiyo ni EVA, ndugu yake kandambili. Hiyo hiyo ndiyo humfanya nzi bandia wa kuvulia samaki aelee juu ya maji.

Wengi hawajui kwamba Kenya ina namba katika mchezo huu. Trauti waliletwa Mto Gura, milima ya Aberdare, mwaka 1905. Na kwa miaka mingi mafundi wetu wamefunga nzi kwa mkono, manyoya na uzi juu ya ndoana, wakauzwa Ulaya na Marekani. Malipo mara nyingi ni kwa dazeni.

Ndiyo maana nakereka nikiona mtu anachagua sponji kwa rangi na bei tu. Niliwahi kufunga panzi kwa kipande cha godoro. Pale Mto Sagana nilimrusha mara mbili, akanywa maji, akazama. Sponji ya godoro ina matundu wazi, maji yanaingia tu. EVA ina vipovu vilivyofungwa, kila kimoja na hewa yake. Minya kipande ndani ya glasi ya maji, kisha kiachie. Kikitoka kizito, hicho ni cha benchi.

Kuelea pekee hakutoshi. Sponji laini kupita kiasi huelea vizuri, ila ukikaza uzi unaikata kama wembe. Ngumu mno nayo ina hewa kidogo na haikunjiki. Ivute kwa vidole: inayorudia umbo lake bila kuchanika ndiyo ya kusajili. Unene pia ni hesabu. Milimita 2 zinatosha nzi wengi. Ukibandika ya milimita 6 kwenye ndoana ndogo, unaziba nafasi ya ncha. Samaki anagonga, halafu huyoo, anakwenda zake. Mashuti mengi, bao hakuna.

Rangi ni jezi tu. Weka ya kung'aa mgongoni ili mvuvi amwone nzi wake. Trauti anatazama kutoka chini.

Wazee wa manyoya watasema sponji si ufungaji wa kweli. Nawaheshimu, lakini manyoya hulowa, yakataka kukaushwa kila mara. Panzi wa sponji unamkung'uta tu, anarudi uwanjani.

Wenye karakana, kabla hamjaagiza mzigo, mpeni fundi kipande akijaribu kwa uzi na kwa maji. Mteja wa ng'ambo akiuziwa nzi wanaozama, harudi tena. Na siku hiyo anayekosa dazeni za kufunga si aliyenunua sponji. Ni yule mama aliyeinamia meza tangu asubuhi, ambaye hakuna aliyemuuliza.