Uongo Kwamba Hatusomi: Ushahidi wa Duka la Mtaa wa Samora

Kuna usemi unaorudiwa kwenye makongamano na hata kwenye mimbari: ukitaka kumficha Mwafrika jambo, liandike kitabuni. Husemwa kwa mzaha, na wasikilizaji hucheka. Mimi sicheki tena. Usemi huo ni tusi, tena ni kinga ya watu walioshindwa kutimiza wajibu wao. Shahidi wangu ni duka la vitabu lililo katikati ya Dar es Salaam.

Tanzania Publishing House iliundwa mwaka 1966 kwa ubia wa Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Macmillan ya Uingereza. Duka lake liko katika mtaa ambao wakoloni waliuita Acacia, uhuru ukaupa jina la Independence, na leo tunauita Samora. Walter Bgoya alishika uongozi wa shirika hilo mwaka 1972. Mwaka huohuo kikatoka kitabu cha Walter Rodney, How Europe Underdeveloped Africa, kwa ushirikiano na wachapishaji wa Bogle-L'Ouverture wa London. Rodney alikuwa akifundisha Mlimani. Tutafakari maana yake: kitabu kilichokuja kusomwa dunia nzima hakikutufikia kama msaada ndani ya kontena. Kilitoka kwetu. Shirika hilohilo likachapisha maandishi ya Issa Shivji yaliyoihoji dola iliyolimiliki, pamoja na mashairi ya Agostinho Neto wakati Angola ingali vitani.

Je, waliovisoma vitabu hivyo hawakuwa Waafrika? Mwaka 1967, kwa takwimu rasmi, takriban asilimia 67 ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamebaki kama asilimia 10. Katika miaka isiyofika 20, tabia ya Mtanzania haikuwa imebadilishwa na miujiza. Uliwekwa uamuzi, zikatengwa fedha, watu wakafundishwa hata chini ya miembe.

Uamuzi huohuo ulipolegea, vitabu navyo vikapotea. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni vilifanya karatasi iadimike. Yakafuata masharti ya mashirika ya fedha ya kimataifa, na dola ikajiondoa katika mengi. Bgoya aliondoka mwaka 1990, akaanzisha Mkuki na Nyota, ambayo baadaye ilikuja kuliendesha duka lile la Samora. Kwa maneno mengine, urithi wa umma uliokolewa na juhudi za watu wachache.

Kisha likaja suala la vitabu vya kiada. Mwaka 1991 serikali iliwaruhusu wachapishaji binafsi kuviandaa. Katika miaka ya 2010 kazi hiyo ikarudishwa kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Naelewa hoja ya waliofanya hivyo: utitiri wa vitabu ulileta mkanganyiko, na vingine vilijaa makosa. Wala sipingi mtoto kupewa kitabu bure. Lakini kila muuza vitabu anajua kwamba faida ya kitabu cha shule ndiyo inayoibeba rafu ya riwaya na mashairi. Ukikiondoa kitabu cha kiada dukani, umelikata duka mguu. Usije ukalilaumu kwa kuchechemea.

Nasi wahadhiri hatuna mikono safi. Kila muhula unapoanza tunamkabidhi kiongozi wa darasa rundo la kurasa, naye hulipeleka steshenari likatolewe kopi. Nimefanya hivyo kwa miaka mingi. Mwanafunzi anahitimu shahada bila kununua kitabu hata kimoja, kisha tunasimama kwenye mahafali na kusema kizazi hiki hakisomi. Nani alimfundisha hivyo, kama si sisi?

Ninachodai si kigumu. Kila halmashauri itenge fungu, hata dogo, la vitabu vya maktaba za shule zake, na vinunuliwe katika duka lililo katika mji wake. Vitabu vya kiada vya serikali vipitie kwa wauzaji hao kwa malipo ya usambazaji. Nasi vyuoni tupange angalau kitabu kimoja kizima, kilichochapishwa nchini, kwa kila somo, na tuhakikishe kinapatikana kabla ya muhula kuanza.

Kabla ya kuurudia usemi ule, mtafute kijana wa Sikonge au Tunduru. Muulize duka linalouza riwaya, si madaftari na kalamu tu, liko umbali gani na kwao, na nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi ngapi. Ukishapata jibu lake, utatambua kwamba hatukufichwa jambo ndani ya kitabu. Tulifichwa kitabu chenyewe.