Darasa la Watu 40,000

Siku hizi yamezuka maneno yanayosemwa kwa kiburi kilichozidi ushahidi wake: kwamba mwalimu wa sosholojia wa mwaka wa kwanza hahitajiki tena, maadamu somo lake la utangulizi lapatikana katika intaneti, limefundishwa na mabingwa wa Marekani, na kijana wa Mbale au Gulu aweza kulisikiliza akiwa kwao nyumbani. Sisi walimu wa Kiswahili twaambiwa kwamba jambo hilo halituhusu. Latuhusu sana.

Mwaka 2012 Profesa Mitchell Duneier wa Chuo Kikuu cha Princeton alifundisha utangulizi wa sosholojia kwa njia ya Coursera, kampuni iliyoanzishwa mwaka huo huo. Wakajiandikisha watu wapatao 40,000 kutoka nchi 113. Bwana huyo si wa kubezwa: ndiye mwandishi wa Sidewalk (1999), kitabu kuhusu wauza vitabu na magazeti wa kando ya barabara za New York, kazi iliyomtaka akae nao miaka. Mwenyewe alisema kwamba kwa majuma matatu alipata maoni juu ya fikra zake mengi kuliko aliyoyapata katika ualimu wake wote. Wanaotaka kutuondoa darasani hukomea hapo. Hawasemi kwamba waliofika mtihani wa mwisho hawakutimia 2,000, wala kwamba wanafunzi walisahihishana wao kwa wao. Wala hawasemi kwamba mwaka 2013 mwalimu huyo huyo alijitoa. Kampuni iliomba ruhusa ya kulitoa somo lake kwa vyuo vingine kwa malipo. Akakataa, akihofu kwamba mabunge ya majimbo yangepata kisingizio cha kuvipunguzia fedha vyuo vikuu vya umma. Mwaka huo huo walimu wa falsafa wa San José, California, waliikataa kozi ya Michael Sandel wa Harvard, wakamwandikia barua ya wazi. Ikiwa mwenye mali aogopa mali yake isije ikawakatia wenzake riziki, sisi tunaoipokea bure tuna haki ya kuuliza bei yake.

Bure, nimesema? Hapa Uganda tangu Julai 2018 mtu alitozwa shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo ikaondoka, ukaja ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Lakini hilo nalipita, fedha hutafutwa.

Jambo zito ni lugha. Utangulizi wa sosholojia ni somo la majina: humfundisha mtu kuyaita kwa jina mambo aliyokuwa akiyaona bila kuyafikiri. Kijana afundishwapo familia kwa Kiingereza, huhesabu baba, mama na watoto, akachagua jibu, akaendelea. Kwa Kiswahili ana kaya, ana jamaa, ana ukoo, na kila neno lamwuliza swali lake. Ni nani wanaokula chungu kimoja? Ni nani wa kuchangiana msibani? Ni nani wasioweza kuoana? Katika neno jamaa Mwalimu Nyerere alitoa nadharia nzima, katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962 (nami mengi yake siyakubali, lakini hoja ni kwamba neno liliweza kuyabeba). Au tutazame utani. Radcliffe-Brown aliandika juu yake makala mashuhuri mwaka 1940, akihangaika kueleza jinsi matusi yawezavyo kuwa heshima. Mswahili humaliza shida hiyo kwa neno moja, na mjadala wake waweza kuanzia pale makala ilipokomea.

Watajibu kwamba Kiswahili hakina istilahi. Tabaka, kaida, hadhi, dhima, taasisi: hizo ni nini? Ibn Khaldun alipoandika Muqaddima mwaka 1377, jina lenyewe la sosholojia lilikuwa bado karne kadhaa kubuniwa. Aliandika kwa lugha yake, istilahi zikamfuata.

Sisemi vijana wazuiwe kusikiliza. Duneier mwenyewe alikusanya kikundi kidogo cha wanafunzi, akazungumza nao ana kwa ana kwa video, kwani alijua kwamba hotuba haijawa somo mpaka mtu aibishie. Basi hotuba na isikilizwe katika chumba kimoja, mbele ya mwalimu anayelipwa, kisha ibishiwe kwa Kiswahili, na insha zisahihishwe na anayemjua aliyeziandika. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Juu ya chuo kikuu, hakuna aliyetuuliza. Kamati yetu ya istilahi yaweza kuanza bila kuulizwa: hotuba moja kila juma, maneno yake ishirini, yachapwe katika jarida hili.