Kitufe cha "Simama" kwenye skrini si kitufe cha usalama

Najua nimepotea kidogo. Nilikuwa na kazi ya kuandika programu ya kuendesha mashine ya kupima nguvu za vyuma katika maabara fulani. Leo nataka kutoa dukuduku langu, na wa kwanza kulaumiwa ni mimi mwenyewe.

Kwa wasioijua mashine hii: ina nguzo mbili, boriti nzito inayopanda na kushuka, na taya za kushika sampuli. Kompyuta inasoma nguvu na mwendo, kisha inachora grafu. Boriti huenda polepole, na hapo ndipo watu hudanganyika. Chuma cha ujenzi cha milimita 12 kikifikia megapaskali 500 kinavutwa kwa kilonewtoni 57 hivi, karibu uzito wa tani sita. Mchemraba wa konkriti wa milimita 150 wenye nguvu ya megapaskali 25 hupasuka kwenye kilonewtoni 560 hivi, na vipande huweza kuruka. Ndiyo maana kuna miwani na ngao ya plastiki ngumu.

Sasa kisa chenyewe. Kwenye nguzo kuna vikomo vya chuma ambavyo boriti ikivigusa, mota inakatika. Nilimshawishi fundi wa maabara alegeze kikomo cha chini, nikidai programu yangu ina kikomo chake. Akakubali shingo upande. Tukajaribu bila sampuli. Boriti ikashuka, skrini ikaganda. Nikabonyeza "Simama" mara tatu, nne, wapi! Fundi akanyoosha mkono akagonga kile kitufe chekundu kilicho kwenye mashine. Kati ya taya ya juu na ya chini palibaki nafasi ya vidole viwili.

Akaniambia, "Kijana, hiyo yako ni picha ya kitufe."

Alisema kweli. Ukibonyeza kipanya, amri inapita kwenye mfumo wa kompyuta, kisha programu, kisha waya, kisha kidhibiti, ndipo ifike kwenye mota. Popote inaweza kukwama. Kitufe chekundu kinakata umeme wa mota moja kwa moja, hakimwombi mtu ruhusa.

Kuna wanaosema programu ni bora kwa sababu inaona mapema kuliko binadamu. Sikatai. Lakini programu huona kile inachoambiwa na kihisi tu. Waya wa kihisi cha mzigo ukilegea, inaweza kusoma sifuri na kuendelea kubana.

Somo hili si geni. Kati ya 1985 na 1987, mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwaunguza wagonjwa sita huko Marekani na Kanada, na baadhi yao wakafariki. Mashine iliyoitangulia, Therac-20, ilikuwa na vizuizi vyake vya umeme na mitambo. Katika Therac-25 viliondolewa, kazi ikaachiwa programu. Baadaye iligunduliwa kuwa makosa ya aina hiyo yalikuwemo pia katika programu ya Therac-20, ila vizuizi vilikuwa vikiyazuia kudhuru mtu.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Waandishi wa programu wenzangu, tusichore kitufe kikubwa chekundu kwenye skrini. Tukiite "Maliza jaribio", kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Kikomo cha programu kiongezwe juu ya kile cha chuma, kisichukue nafasi yake. Na anayefunga sampuli ndiye aanzishe jaribio, si mwenzake aliyekaa kwenye kompyuta huku mikono ya mwingine ikiwa ndani ya taya.

Vikomo tulivikaza siku ile ile. Watu husema ajali haina kinga. Ile ilikuwa nayo, ila mimi ndiye niliyeomba ilegezwe.